Virusi Vyenye Nambari ya Simu

Kompyuta iliyoingiliwa kweli haipigi kelele. Ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wateja, na wengi hawalipendi, maana wamekuja wakitarajia ugonjwa mkubwa. Virusi vinavyojua kazi yake hukaa kimya. Huchukua maneno ya siri, hutuma barua pepe kwa jina lako, hula umeme wako na bando lako kwa shughuli za watu usiowajua. Hata vile vinavyofunga faili na kudai fidia hujitangaza vikishamaliza. Kwa hivyo mtu akiingia dukani kwangu, hapa Mombasa, upande wa Makadara, amekumbatia laptopu inayolia king'ora, na humo ndani mwanamke anasema kwa Kiingereza kwamba mashine imefungwa kwa usalama wako, mimi huwa nishapata jibu kabla hajaketi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibokoni aliileta yake kwa tuktuk, imefunikwa kanga, inawaka. Sauti ilikuwa juu hata muuza viatu wa mlango wa pili akaja kuchungulia.

"Shikamoo Mwalimu. Mbona hukuizima?"

"Marahaba mwanangu. N'taizimaje na wao wasema nikiizima vyote vyapotea? Mna picha za harusi ya mjukuu wangu humu."

"Wao nani?"

"Si hao Microsoft. Hebu wasikize."

Nikawasikiza. Skrini nzima ilikuwa ya buluu, nembo ya Windows pembeni, visanduku vimepandana, kimoja kikijifanya kukagua faili huku tarakimu zikipanda. Chini yake nambari ya simu ya Marekani, ile inayoanza na +1, imerudiwa kila pahali. Kilichomtisha Mwalimu zaidi ni mstari uliotaja anwani ya IP, aina ya brauza anayotumia, yaani programu ya kufungulia tovuti, na maneno Nairobi, Kenya. "Wamejuaje?" akaniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Kila tovuti unayoifungua huyaona hayo. Bila anwani hiyo isingejua ukurasa iutume wapi. Ile ilimweka Nairobi, ilhali Mwalimu hajavuka Nyali tangu Idi, kwa sababu mitandao yetu mingi ikitazamwa kutoka nje huonekana iko Nairobi. Nikamwambia wangekuwa wanamuona kweli wangeandika Kibokoni. Hapo ndipo alipocheka.

Nikashikilia kitufe cha Esc mpaka ukurasa ukaacha kujaza skrini, kisha nikabonyeza Alt na F4 pamoja. Kimya. Kuna siku hiyo haitoshi, basi ni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi, uichague brauza na kuifunga kwa nguvu. Ikikataa kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike. Utakapoiwasha, brauza huenda ikauliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi. Katalia, la sivyo yule mwanamke anarudi. Picha za harusi zilikuwa mahali pake.

"Basi? Ndiyo hivyo tu?" Mwalimu akauliza, na nadhani alivunjika moyo kidogo.

Ndiyo hivyo tu, kwa sababu ndani ya kompyuta hamkuwa na kitu. Ulikuwa ukurasa wa tovuti, umechorwa ufanane na onyo la Windows na kupewa sauti. Huletwa na tangazo, au kiungo ulichotumiwa, au anwani uliyoiandika ukakosea herufi moja. Microsoft wenyewe wameeleza waziwazi kwamba maonyo yao hayabebi nambari ya simu, na kwamba hawampigii mtu ambaye hakuwaomba kumwambia mashine yake ina tatizo. Ukilishika hilo la nambari, sehemu kubwa ya yanayofuata waweza kuyaruka.

Vijana huniletea namna nyingine, nayo ni ya kero kuliko hatari. Kwenye kona ya chini, kulia, kinaibuka kijisanduku: kompyuta ina virusi, programu ya ulinzi imekwisha muda, bonyeza hapa. Ukikifuta kinarudi. Nikiuliza mechi ya Jumamosi waliitazama wapi, wanatazamana. Tovuti zinazorusha kandanda ya Uingereza bure huomba ruhusa ya kukutumia arifa, na mtu aliyechelewa dakika kumi za kwanza hukubali chochote kinachozuia skrini. Kuanzia hapo brauza ndiyo inayoleta hayo matangazo, kwa ruhusa yako. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na kufuta kila jina usilolijua. Kazi hii siitozi, ila humtaka mwenyewe akae aifanye kwa mkono wake nikiwa nimesimama.

Sasa tuseme mtu amepiga ile nambari. Hapa ndipo pana ufundi, na lazima niseme wale watu ni mafundi kwelikweli, ila si wa kompyuta. Sauti ni ya upole, jina ni la Kizungu, lafudhi si ya huko. Anakuomba ubonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kisha anakutajia herufi moja moja: e-v-e-n-t-v-w-r. Inafunguka daftari ambamo Windows huandika kila kilichokwenda upande, kikubwa na kidogo. Alama nyekundu hapa, za manjano pale, mamia kwa mamia. "Hizo nyekundu unaziona?" Unaziona. "Kila moja ni uharibifu." Nina laptopu dukani niliyoitoa kwenye karatasi yake juzi, nikilifungua daftari hilo, nyekundu zimo tayari. Printa iliyochelewa kujibu huandikwa. Waifai iliyokatika huandikwa. Hilo ni daftari la matukio, na mashine isiyo na hata kosa moja humo sijawahi kuiona.

Kuna mchezo wao mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaweza kuupima mwenyewe. Wanakuambia ufungue lile dirisha jeusi la amri na uandike assoc. Mistari inamiminika, na mwishoni mwake mna msimbo mrefu unaoanza na 888DCA60. Kabla hujausoma, yeye anakusomea. "Hii ni nambari ya leseni ya kompyuta yako peke yako, ninayo hapa mbele yangu. Hicho ndicho kithibitisho kwamba sisi ni Microsoft." Mtu anayesomewa kitu kilicho kwenye skrini yake na mgeni aliye ng'ambo hubaki hana hoja. Mimi ninayo mashine kuukuu kwenye meza ya nyuma, haina mfuniko wa pembeni, vumbi limekaa mpaka kwenye feni, naitumia kujaribia vipuri. Mteja akibisha namwambia aandike amri ileile kwenye yake na kwenye ile. Msimbo ni uleule, herufi kwa herufi. Ni jina la ndani la kipande kimoja cha Windows kinachohusika na kutuma faili kwenye folda iliyobanwa, nao umo katika kila Windows, Mombasa hata Manchester.

Wanazo nyingi za aina hiyo. Amri ya netstat huorodhesha miunganisho ya mashine na intaneti, na safu yake mojawapo imeandikwa "Foreign Address", maana yake tu ni upande wa pili wa muunganisho. Wao huisema ndiyo majambazi wa kigeni waliomo ndani. Amri ya tree huorodhesha majina ya folda, mistari ikapita mbio, wao huiita ukaguzi. Ikimaliza, wao wenyewe, wakiwa wameshaingia kwenye mashine yako kwa mbali, wanaandika mwishoni kwamba virusi vimepatikana, na maandishi hayo yanaonekana kama yametoka kwenye mashine.

Angalia basi: ukiacha maandishi hayo ya mwisho, hakuna hata kimoja walichokileta. Kila kingine wanachokuonyesha kilikuwemo, na ni cha kweli. Cha uongo ni tafsiri. Mpiga ramli wa vichochoroni naye hufanya hivyohivyo, akakuambia nyumbani kwako pana mtu anayekuonea kijicho, na nyumba gani hapana? Ndiyo sababu simlaumu aliyeshikwa, na ndiyo sababu elimu haimkingi mtu. Mwalimu amefundisha Kiingereza maisha yake yote. Alikielewa vizuri mno alichoambiwa.

Biashara hii si changa. Watu wa Uingereza, Marekani na Australia walianza kupigiwa simu hizi mwishoni mwa muongo wa 2000, nyingi kutoka vituo vya simu vya India, Kolkata ikitajwa sana. Oktoba 2012 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kesi dhidi ya makundi sita kwa mpigo, na biashara haikufa, ilibadilisha njia tu: badala ya kukupigia, wakatega ukurasa wewe ndiye upige. FBI iliripoti hasara ya zaidi ya dola milioni 900 kwa utapeli huu katika mwaka 2023 peke yake, zaidi ya nusu ikiwa ya watu waliopita miaka 60. Huku kwetu intaneti ya kasi ilifika mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipopandishwa ufuoni hapahapa Mombasa, na ukurasa wa buluu hauulizi msomaji wake yuko bara gani. Wengi hapa pia hutumia mashine zilizotumika Ulaya, tunazoziita ex-UK, au zilizoachwa na mtoto aliyekuja likizo, nazo zikiharibika mwenye maelezo yuko London.

Alama ya uhakika kuliko zote ni pale unapoambiwa umpe mwenzako kipanya. Programu za kuendesha kompyuta kwa mbali, AnyDesk na TeamViewer na nyinginezo, ni halali. Mimi mwenyewe huzitumia kumsaidia mteja wa Lamu bila kupanda basi. Unapakua, inatokea nambari ya tarakimu tisa au kumi, unanisomea, unabonyeza kukubali, nami naingia. Tofauti ni kwamba mteja wangu ndiye aliyenitafuta, ananijua, na mlango wangu anaujua. Kumsomea mtu usiyemjua zile tarakimu ni kumpa funguo za nyumba, na nisingependa mtu adanganywe kwamba ni kitu kidogo zaidi ya hicho.

Kilichompata karani wa ofisi moja ya klaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, Moi Avenue, hakikuanza na king'ora chochote. Printa iligoma asubuhi ya kazi nyingi, mizigo inangoja karatasi, naye akatafuta mtandaoni nambari ya msaada ya kampuni ya printa. Matokeo ya juu kabisa yalikuwa tangazo la kulipiwa. Google ilitangaza mwaka 2018 kuyabana matangazo ya mafundi wa nje kwa sababu ya utapeli huu, Bing ikiwa imeshayapiga marufuku mwaka 2016, lakini wajanja hawaachi kupenyeza. Karani akapiga. Akasoma tarakimu. Akaona kishale kinatembea chenyewe, na akaniambia baadaye kwamba alifurahi, maana alidhani kazi imeanza.

Halafu skrini ikawa nyeusi. "Ni kawaida, tunasafisha," akaambiwa. Programu hizi zinaweza kukufungia usione huku mwenye kipanya akiendelea, na muda huo unatosha kufungua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza na kuyanakili yote. Skrini iliporudi, printa ilikuwa bado imegoma na kulikuwa na fomu ya ulinzi wa miaka mitatu kwa dola 299. Karani akatumia kadi ya ofisi. Tajiri wake akagundua kwa esemesi ya benki akiwa kwenye foleni ya feri, Likoni.

Waliponiita, cha kwanza nilichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Programu ile ilikuwa imewekwa ianze kila Windows inapoanza, kwa hivyo jamaa angeweza kurudi usiku ofisi imefungwa. Niliiondoa, lakini baadaye tuliamua kufuta kila kitu na kuweka Windows upya baada ya kuhifadhi nyaraka, kwa kuwa dakika zile za skrini nyeusi hakuna aliyejua kilichowekwa. Maneno ya siri tuliyabadilisha kutoka kompyuta nyingine. Hili watu hulisahau: kubadilisha neno la siri kwenye mashine ambayo mwizi bado anaitazama ni kumwandikia jipya. Tulianza na barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba neno jipya la kila akaunti nyingine, kisha benki, kisha akaunti za mamlaka ya kodi, KRA. Benki iliifunga kadi siku hiyohiyo. Tajiri alikwenda kituo cha polisi akapewa nambari ya OB, ile ya malalamiko yaliyoandikishwa, na benki iliiomba nambari hiyo ilipokuwa ikishughulikia malalamiko yake. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria yetu ya uhalifu wa mtandao ya 2018, hata kama mwenye kosa yuko mbali na mkono wa askari wa kituo cha Central.

Madaftari ya Windows tuyaache kidogo, kwa sababu ndugu wa utapeli huu hatumii kompyuta kabisa, na huyu ndiye aliyezoea kutupigia sisi. Anajiita wa huduma kwa wateja, laini yako itafungwa usipoisajili upya, bonyeza nyota na tarakimu nitakazokutajia. Hizo tarakimu zina maana. *33* ikifuatwa na nywila ya mtandao huzuia simu zako kutoka, hata ukitaka kumuuliza mtu huwezi. *21* na nambari yake huhamisha simu zako zote ziende kwake. Safaricom imesema mara nyingi kwamba nambari yao ya kuwapigia wateja ni 0722 000 000, na kwamba hawaulizi pini. Ujumbe wa kitapeli utume kwa 333, ni bure. Ukishatuma pesa kwa mtu usiyemkusudia, ujumbe wote wa M-Pesa upeleke kwa 456 upesi, kabla hajazitoa. Na ile nambari ya tarakimu sita ya WhatsApp, hata akiiomba shangazi yako, mpigie kwanza usikie sauti yake.

Kuna onyo moja la kweli linalowasumbua watu siku hizi, na linawapa matapeli kisingizio kizuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, na mashine nyingi za ex-UK haziwezi kupanda hadi Windows 11. Ujumbe wa kweli wa jambo hilo huja ndani ya Windows yenyewe, haupigi kelele, hauna nambari ya simu, na unakuruhusu kuufunga. Anayekupigia akisema ameona unatumia Windows 10 amekisia tu, na hapa mjini akikisia hivyo mara nyingi atapatia.

Tukirudi kwa tajiri wa klaringi, miezi kadhaa baadaye simu ililia. Sauti ya upole. Kampuni yetu inafungwa, tunataka kukurudishia dola zako 299. Watu waliokwisha kuibiwa huwekwa kwenye orodha, na orodha huuzwa. Mchezo wenyewe ni huu: unaruhusu waingie tena, unafungua ukurasa wa benki yako, unaambiwa ujaze kiasi cha kurudishiwa. Wakati skrini imezibwa wanabadilisha tarakimu kwenye ukurasa, kitu ambacho brauza yoyote inaruhusu kwa kubonyeza F12, na pesa halisi hazijasogea. Skrini ikirudi unaona umeingiziwa dola 29,900. Hapo sauti inaanza kulia: umekosea wewe kuandika, nitafukuzwa kazi, nina watoto, nirudishie zilizozidi. Nirudishie kwa kadi za zawadi, ukanunue sasa hivi, na dukani usimwambie mtu ni za nini. Unamrudishia pesa zako mwenyewe.

Tajiri nilikuwa nimeshamweleza. Akaiweka simu kwenye spika, karani akasogea, na mimi nilikuwepo kwa ajili ya printa, ambayo haijawahi kupona. Akamsikiliza yule bwana mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akamwambia vizuri, zitume M-Pesa, nambari ni hii hii unayonipigia. Yule bwana akauliza M-Pesa ni nini. Karani akamweleza kwa kirefu, mpaka na gharama za kutoa. Simu ikakatwa alipofika kwenye mkopo wa Fuliza.